Mashine ya leza ya faiba wati 30, miezi 14 Kariakoo: mashine nzuri, miwani waliyonipa nimeitupa

Wadau, mashine hii nimekaa nayo mwaka mmoja na miezi miwili, nimeinunua kwa hela yangu mwenyewe na hakuna aliyenilipa niisifie. Nimeona niandike kwa urefu maana kila wiki napigiwa simu na watu wanaotaka kuingia kwenye biashara hii na wote wanauliza kitu kimoja, kaka nichukue wati ngapi, kana kwamba wati ndo kila kitu. Mi nilinunua hivohivo, kwa kuangalia wati na bei, na yaliyonifundisha baadae yamenigharimu simu moja, pete ya mtu, na nusura macho yangu.

Mashine yenyewe ni ile ya kuweka mezani, ya kuchonga kwenye chuma, ina nguzo moja yenye kichwa kinachopanda na kushuka kwa kuzungusha mpini, chini sahani yenye matundu, na boksi la pembeni lenye feni. Chanzo cha mwanga ni Raycus, wale wa Wuhan China. Lenzi zimekuja mbili, moja inachonga eneo la milimita 110 kwa 110 na nyingine 175 kwa 175. Hadi inafika dukani kwangu, usafiri na ushuru ndani, ilinitoka milioni saba na laki mbili. Programu ni EZCAD ambayo sura yake ya kizamani kweli lakini ukishaizoea inakwenda.

Kazi zangu nyingi ni funguo, pete, vibao vya majina ya ofisini, vikombe vya stenlesi vya zawadi za send-off na kitchen party, vibati vya namba za pampu na jenereta. Lakini kazi inayonilipia kodi ya fremu ni sufuria. Nani angejua. Anayepika kwenye shughuli Dar hii anajua, sufuria ikitoka nyumbani kwenda kwenye msiba au harusi kurudi kwake ni bahati, zote zinafanana, na ile alama ya rangi ya mafuta au ya kugonga na msumari haimsaidii mtu ugomvi ukianza.

Mteja wa kwanza wa sufuria alikuwa bi mkubwa mmoja kutoka Temeke, kaja na sufuria saba zimeingizwa moja ndani ya nyingine zimefungwa kwenye kanga. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, nataka uniandikie MAMA ZUHURA hapa chini ya ukingo, wenzangu wanazibeba. Nikamsogezea stuli akakaa. Nikalaza sufuria ya kwanza ubavu, nikaishika na vipande viwili vya mbao isibingirike, nikawasha ile taa nyekundu ikachora boksi dogo linalocheza pale jina litakapokaa, nikakanyaga pedeli. Ikalia zzzzz kama nyuki kwenye kopo, cheche nyeupe inakimbia juu ya alumini, harufu ya chuma moto kidogo, na kabla bibi hajamaliza kufungua pochi yake jina limeshaandikwa. Akaligusa na kidole, halijachoma. Akalisugua na ncha ya kanga. Halafu akauliza, "Sindano yake iko wapi?"

Nikamwambia bibi hakuna sindano, ni mwanga. Akasema mwanga ni hiyo taa nyekundu? Nikamwambia hapana, hiyo nyekundu inaonyesha mahali tu, mwanga unaochonga hauonekani. Akanitazama, akavuta stuli yake nyuma hatua mbili, akasema, "Sasa hiyo isiyoonekana, ikikuingia jichoni utajuaje?"

Kwenye muda wote wa kutafuta mashine, kuongea na wauzaji, kuangalia video, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo wala mimi sikujiuliza. Maswali yake mawili yale ndo nitakayoyajibu hapa kwa sababu ukiyaelewa hayo unajua mashine ya kununua na jinsi ya kukaa nayo.

Sindano ni uzi wa glasi, ndo hiyo faiba. Ndani ya lile boksi la feni kuna uzi wa glasi wa mita kadhaa umekunjwa kama koili, kiini chake chembamba kuliko unywele, na glasi ya kile kiini siyo tupu, imetiwa kiasi kidogo cha iterbiamu. Hii ni moja ya yale madini adimu tunayoyasikia. Jina limetoka kwenye kijiji cha Ytterby Sweden, karibu na Stockholm, kijiji kidogo tu chenye machimbo lakini elementi nne zimebeba jina lake, itriamu, terbiamu, erbiamu na iterbiamu. Iterbiamu ilitambuliwa mwaka 1878 na Marignac, mkemia wa Uswisi. Na hilo neno adimu lisikutishe, kwenye ardhi iterbiamu ni nyingi kuliko fedha hizi tunazochongea majina ya wachumba, shida yake ni kwamba imetawanyika na imechanganyikana na ndugu zake, kuitenganisha ndo kazi. Sisi wenyewe tuna mlima wa madini adimu kule Ngualla mkoa wa Songwe, ingawa wa kwetu sifa yake zaidi ni neodimiamu na praseodimiamu.

Sasa inatoaje mwanga. Kuna diodi ndogo, yaani vitaa vya kielektroniki, zinazomimina mwanga ndani ya ule uzi, mwanga wenye wimbi la nanomita (sehemu za bilioni ya mita) 915 au 976 kutegemea na muundo, nao tayari hauonekani kwa macho. Iterbiamu inaumeza, inapanda ngazi moja, na inakaa huko juu karibu milisekunde nzima (sehemu ya elfu ya sekunde), ambayo kwa mambo ya atomu ni muda mrefu mno. Kwenye mashine kama yangu kuna lango. Lango likifungwa nishati inajikusanya kwenye iterbiamu kama maji yanavyojaa tenki la juu, likifunguliwa yote inashuka kwa mpigo, mwanga mmoja unamshtua mwenzake na wote unatoka ukiwa na wimbi moja na mwelekeo mmoja, nanomita 1064 hivi. Mi natumia mapigo elfu 30 kwa sekunde. Fanya hesabu: wati 30 ukigawa kwa mapigo elfu 30 ni nishati ya milijouli moja kila pigo, na pigo lenyewe linachukua kama sehemu 100 za bilioni ya sekunde, maana yake ndani ya kile kipande cha muda nguvu ni karibu wati elfu kumi, imewekwa kwenye nukta ya kama milimita 0.05. Ndo maana wati 30, ambazo ni chini ya balbu ya zamani ya chumbani, zinakula chuma. Ile cheche nyeupe unayoiona siyo leza, ni chuma chenyewe kinavukizwa na kuwaka.

Kuhusu glasi nataka nikae kidogo maana hapa ndo nilipoanza kuipenda mashine. Glasi ya silika imejengwa na silikoni, kila silikoni moja imezungukwa na oksijeni nne kama kitu chenye pembe nne, na pembe zinashikana na za jirani. Kwenye kristali zinashikana kwa mpangilio, ukiona kona moja umeona zote, kama mkeka uliosukwa na mtu mmoja. Kwenye glasi siyo hivyo, fundo zimeshikana kweli lakini mpangilio hakuna, ni kama wavu wa mvuvi umetupwa mchangani pale Feri, hakuna jicho moja la wavu linalofanana sawasawa na lingine. Ukiingiza iterbiamu humo kila moja inakaa kwenye jicho lake lenye umbo lake, majirani zake wamekaa tofauti kidogo na majirani wa mwenzake, kwahiyo kila moja inatoa mwanga uliopishana kidogo na wa mwenzake. Ukijumlisha zote hupati mstari mwembamba wa wimbi moja, unapata mkanda mpana, kuanzia kama 1030 hadi karibu 1100. Mtengenezaji anachagua humo ndani wimbi analotaka. Huo upana ni zawadi ya ule mvurugano wa glasi.

Halafu ungetegemea mvurugano wote ule uharibu kabisa mwanga, lakini hauharibu, kwa sababu elektroni zinazofanya kazi kwenye iterbiamu ziko tabaka la ndani na zimekingwa na matabaka mengine nje yake. Ni kama mtu aliyelala chumba cha ndani, kelele za uwani anazisikia kwa mbali tu. Ndugu zake wengi wa madini adimu wako hivyo, na ndo siri ya kwa nini ukoo huu unawaka vizuri ndani ya glasi.

Tatizo ni kwamba silika tupu haiwapendi. Iterbiamu ni kubwa kwa ule wavu na inataka kuzungukwa na oksijeni nyingi, silika haina za kumpa, basi zinakimbiliana zenyewe na kurundikana sehemu moja. Umeshapanda daladala la Gongo la Mboto saa moja jioni, abiria wote wamejazana mlangoni na nyuma kuna nafasi. Zikirundikana zinaanza kupeana nishati zenyewe kwa zenyewe badala ya kuitoa nje, mbili zinajumlisha nguvu zao na kutoa mwanga wa kibuluu-kijani usiohitajika, nyingine inaishia joto tu. Dawa yake ni kuweka alumini kidogo kwenye glasi, au fosforasi, inaulegeza ule wavu na kuleta oksijeni za kumzunguka iterbiamu, ndo konda anayesema sogea nyuma jamani kuna nafasi. Kwahiyo vyanzo viwili vyote vimeandikwa wati 30, lakini mmoja glasi yake imepikwa vizuri na mwingine imelipuliwa, baada ya mwaka havitafanana, maana glasi mbaya inaingia giza taratibu na kunywa mwanga wake yenyewe.

Mi nimejiwekea utaratibu. Nina kipande cha brasi cha urefu wa rula, kila tarehe moja ya mwezi nachonga kiboksi cha milimita tano kwa tano, mipangilio ileile, nguvu asilimia 60, mwendo ileile, lenzi ileile imefutwa. Sasa hivi vipo viboksi 14 kwenye mstari. Nikipitisha ukucha kwanzia wa kwanza hadi wa mwisho kina ni kilekile, na kwenye jua rangi ni ileile. Kwa upande wa chanzo sina lalamiko hata moja, nyota tano.

Historia yake fupi maana naona inanoga. Leza ya kwanza ilikuwa ya rubi mwaka 1960, mwaka uliofuata tu 1961 Elias Snitzer kule Marekani akaipata kwenye glasi yenye neodimiamu, na huyohuyo mwaka 1988 akaja na uzi wenye maganda mawili, mwanga wa diodi unaingia ganda la ndani ambalo ni pana, unapigapiga kuta huku ukikatiza kiini mara nyingi hadi madini yaliyomo yanaumaliza. Bila hilo ganda usingeweza kusukuma mwanga wa diodi nyingi kwenye kitu chembamba kuliko unywele. Na mwaka 1987 watu wa Southampton Uingereza, kina David Payne, walitia erbiamu kwenye uzi wakapata kikuza mwanga cha nanomita 1550 hivi, palepale ambapo silika inapoteza mwanga kidogo kuliko mahali pengine. Zamani mwanga ukichoka kwenye kebo ilibidi ubadilishwe kuwa umeme kisha uwashwe upya. Kebo kama SEACOM iliyofika hapa Dar mwaka 2009 inapita chini ya bahari na vikuza vya erbiamu njiani, kwahiyo wewe unayesoma hii kwa simu tayari umeshatumia glasi ya ukoo uleule wa iliyoko kwenye mashine yangu.

Tuje kwenye kukaa nayo Dar, maana joto letu siyo la video za YouTube. Kitu kizuri cha iterbiamu, inaingia 915 inatoka 1064, kinachopotea kuwa joto pale ni asilimia 14 tu, na ukisukuma na 976 ni asilimia 8. Ndo maana haihitaji maji ya kupoza, feni tu inatosha, na mashine nzima inakula umeme chini ya pasi. Lakini fremu yangu ina bati juu, mwezi wa pili saa nane mchana ndani panafika nyuzi 38, na vyanzo hivi vimeandikiwa mwisho 40. Mara mbili ilijizima yenyewe katikati ya kazi. Nikafunga AC, nikaingia kwenye shida nyingine mbaya zaidi, unyevu. Asubuhi ukiwasha AC chumba kinapoa, mlango ukifunguliwa upepo wa baharini unaingia na ubichi wake, nikaona ukungu juu ya lenzi kabisa kama glasi ya soda baridi. Ukungu kwenye lenzi na leza ya wati elfu kumi kwa pigo ni kuomba lenzi ipasuke. Sasa hivi AC naiweka 27 haishuki hapo, naiwasha nusu saa kabla ya mashine, na mlango nimeweka pazia la plastiki.

Umeme nao. Pete niliyoisema mwanzo, ya dhahabu, ya jamaa aliyekuwa anaoa Jumamosi, ndani tunaandika jina na tarehe, umeme ukakatika herufi ya nne. Kurudisha palepale ni vigumu sana kwa sababu ukiigusa tu imeshahama. Nilimpeleka kwa sonara ikasuguliwa tukaanza upya, gharama yangu, na nilimwomba radhi mbele ya mchumba wake. Kesho yake nilinunua UPS, lile boksi la betri linaloshika kazi umeme ukikatika. Usinunue mashine hii bila UPS, ihesabu kwenye bei kabisa. Na kwa dhahabu, fedha na shaba iliyong'arishwa usiweke kitu katikati kabisa ya lenzi kikiwa kimelala sawasawa, mwanga unaweza kurudi juu ulikotoka na kuingia kwenye uzi. Iinamishe kidogo au isogeze pembeni.

Sufuria inahitaji akili kidogo kwa sababu ni duara na fokasi ya lenzi, yaani kimo ambacho mwanga unakata vizuri, ni fupi. Jina la sentimita nne kwenye sufuria ya kipenyo cha sentimita 30, ncha zake ziko chini ya katikati kwa milimita moja na kidogo, hapo bado inashika. Ukitaka jina la sentimita kumi mwisho wa jina unapauka, ligawe mara mbili uzungushe. Na alumini tupu haitoi maandishi meusi kwa mashine ya aina hii, inatoa meupe kama yamepigwa barafu, so nachonga mara tatu nne juu yake mpaka ukucha unakwama. Ukitaka weusi kwenye alumini iliyotiwa ganda la oksidi (anodized) au rangi za upinde kwenye stenlesi tafuta ile inayoitwa MOPA, ile unaweza kubadilisha urefu wa pigo, ni ghali zaidi. Mbao, glasi angavu na akriliki angavu sahau, mwanga huu unapita au hauna cha kushika, hizo ni kazi za leza ya CO2, ile ya gesi ya kaboni dioksidi. PVC, ile plastiki ya mabomba, usiiguse kabisa, inatoa gesi ya asidi yenye klorini, itakuumiza mapafu na kula mashine kutu.

Sasa lile swali la pili la bibi. Aliyeniuzia, jina simtaji, alinipa miwani ya plastiki ya kijani ndani ya kifuko, akasema hii ndo ya leza, na niliivaa miezi minne. Haikuwa imeandikwa kitu chochote, hakuna namba, hakuna wimbi. Na mwanga wa 1064 ukoje: jicho halioni, lakini mboni na lenzi ya jicho zinaupitisha sehemu kubwa na kuukusanya nyuma kabisa kwenye retina, hauumi, hukonyezi, hugeuki, unakuja kugundua siku unaona doa lisiloondoka. Hata ule uliogonga sufuria ukaruka pembeni unatosha kukuumiza. Miwani ya kawaida ya macho haizuii, kioo cha dirisha hakizuii. Hata ile miwani angavu ya mashine za CO2 haizuii, maana ile ni kwa wimbi jingine refu mara kumi.

Kilichonizindua ni simu. Nilikuwa narekodi video ya kuweka status, nimeishika kama sentimita 20 kutoka kwenye kikombe cha stenlesi kinachochongwa, video ikatoka nzuri tu, lakini kuanzia siku ile kila picha ina vinukta vitatu vya zambarau pembeni kushoto, kwenye anga, kwenye ukuta, kwenye uso wa mwanangu. Haviondoki. Sensa ya kamera, kile kipande kinachopokea mwanga, imeungua. Nilikaa naangalia zile nukta nikamkumbuka bibi na stuli yake.

Siku ileile jioni nikafunga duka, nikachukua moja ya zile kadi nyeusi za alumini zinazokuja na mashine kwa kujaribia, nikaiweka kwenye sahani, juu yake nikalaza kioo kimoja cha ile miwani ya kijani, nikafunika yote na boksi la mbao nililolitoboa juu kwa ajili ya lenzi, nikakanyaga pedeli nikiwa nimesimama nje ya mlango, waya wa pedeli unafika. Nguvu asilimia 20 tu. Nikarudi nikainua kioo. Kadi imeandikwa TEST, nyeupe, herufi zote nne, safi kabisa, kioo cha kijani hakina hata alama. Miezi minne nilikuwa nimevaa plastiki ya rangi. Mikono ilinitetemeka kidogo, siwafichi, na asubuhi yake nilienda kupima macho kabla ya kufungua duka. Yako salama, namshukuru Mungu.

Nilipompigia muuzaji akaniambia wateja wote wanatumia hiyohiyo na hakuna aliyelalamika. Ndo maana naandika. Kama na wewe umepewa kifuko kile, miwani hiyo itupe leo.

Miwani sahihi inaandikwa kwenye kioo au fremu eneo la mawimbi inayozuia, 1064 iwe ndani yake, na namba ya OD, yaani kiwango cha kuzuia mwanga. OD 6 maana yake inapitisha sehemu moja tu kati ya milioni. Rangi siyo kigezo, na mpya niliyonunua nayo ni ya kijani, tofauti huioni kwa macho. Imenigharimu laki mbili na thelathini kila moja. Nikairudia ile kazi ya kadi na boksi, kadi ikabaki nyeusi tii. Nikanunua tatu, na mashine nimeizungushia kabati la bati lenye dirisha la plastiki maalumu la wimbi lilelile, mlango wake una swichi, ukifunguliwa leza inakata. Fundi wa kuchomelea wa jirani alinitengenezea kwa siku mbili. Nashauri mwenye uwezo anunue tangu mwanzo ile iliyokuja imefungwa.

Nyota basi: mashine nne, moja nimeikata kwa sababu imekuja wazi bila kabati na feni moja ilianza kulia mwezi wa sita. Chanzo chenyewe tano kama nilivyosema. Aliyeniuzia nampa moja, mzigo ulifika kwa wakati na ulifungwa vizuri, lakini miwani ile siwezi kuisamehe.

Bi mkubwa alirudi wiki mbili kabla ya Ramadhani, mjukuu wake amembebea sinia 12. Katoa na sufuria moja ya mwaka jana nione, imesuguliwa na stilwaya na majivu hadi imebadilika rangi, MAMA ZUHURA inasomeka. Nikamtolea miwani msumarini akaivaa juu ya ushungi, akamvalisha na mjukuu, akavuta stuli mpaka kwenye dirisha la kabati safari hii, akakaa kuangalia zote 12 hadi ya mwisho. Elfu mbili mbili ingekuwa elfu 24, nikachukua 20.